Mzigo Usioulizwa

Jina lake halisi lilijulikana na watu wachache, na wengi wa hao walishahama. Wengine wote, kuanzia madereva wa malori hadi askari wa geti, walimwita Mama Foleni, naye akaitika. Foleni ndiyo iliyomsomeshea watoto, ikamjengea nyumba, ikamwekea meno mawili ya mbele baada ya yale aliyozaliwa nayo kung'oka. Akaona hakuna ubaya kuitwa kwa jina la aliyemlisha.

Zamani mpaka ule ulikuwa na mageti mawili. Nchi ya huku ilikuwa na ofisi zake, ya kule nayo zake, na katikati kulikuwa na kipande cha barabara kisicho na mwenyewe, chenye vumbi na mbuzi. Lori likifika lilipanga mstari. Karatasi zilikaguliwa huku na kugongwa muhuri, lori likasogea kidogo, halafu zikakaguliwa upya kule na watu ambao hawakuamini hata neno moja lililoandikwa na wenzao. Mwenye bahati alilala hapo usiku mmoja. Asiye na bahati aliota ndevu.

Na mtu anayesubiri ana mahitaji. Anakula, anaoga, anafua shati, anatafuta pa kulaza ubavu. Mama Foleni alianza na birika na vikombe vya plastiki, akipita ubavuni mwa malori na kugonga milango kwa kijiko. Baadaye akapata kibanda. Baada ya kibanda ikaja nyumba ya vyumba vya kulala wageni, yenye uwanja mpana mbele yake ulioezekwa mabati, ambapo malori yalisimama kivulini kama ng'ombe zizini.

Lakini kilichowaleta madereva kwake hakikuwa chai. Chai ilikuwepo kila mahali. Walifuata habari. Mama Foleni alijua zamu ya leo ni ya nani, nani kaamka vibaya, ofisi ipi imeishiwa wino wa muhuri. Akisema, "Leo pumzikeni, yule wa miwani ndiye yuko dirishani," madereva walivua viatu. Akisema, "Nendeni sasa hivi," waliacha chai inafuka moshi kwenye vikombe. Hakuwahi kuwapotosha. Akiwa peke yake, hilo ndilo alilojivunia kuliko nyumba, kuliko hata meno.

Nyumba ile ilikuwa na sheria moja ambayo hata mdogo wake, aliyekuwa mpishi na mwenye ulimi mrefu kuliko mwiko wake, hakuivunja: dereva haulizwi amebeba nini. Anayeuliza mzigo ni mwizi, au ametumwa na mwizi, au ni mtu wa forodha. Dereva huulizwa habari za watoto, za mgongo, za matairi. Mzigo ni wake na turubai lake.

Kisha nchi zikakubaliana. Ushuru wa bidhaa zinazotengenezwa upande huu au ule ukaondolewa, mageti mawili yakavunjwa, na mahali pao kikajengwa kituo kimoja cha pamoja, cheupe, chenye vioo. Maafisa wa nchi zote mbili wangekaa chumba kimoja, meza moja, na karatasi zingetangulia kwa kompyuta kabla lori halijatokeza. Kabla ya kufungua, waliitisha mkutano na wafanyabiashara wa pale mpakani. Afisa mmoja aliyevaa tai akasema uchumi utakua.

Mama Foleni akanyoosha mkono. "Utakua kuelekea wapi, baba?"

Watu wakacheka. Afisa naye akacheka, akasema utakua kila upande, mama, kila upande.

Na kweli ulikua. Hilo Mama Foleni hakulikana hata siku moja, na ndilo lililomuumiza. Saruji ilishuka bei. Chumvi ikashuka. Mabati mapya ya paa la jikoni aliyanunua kutoka upande wa pili kwa nusu ya bei ya zamani. Katika mji uliokuwa nyuma, mwendo wa asubuhi moja kwa gari, kiwanda cha kutotolesha vifaranga kilichokuwa chumba kimoja chenye taa kilipanuka kikawa majengo, kikaajiri wasichana na vijana, kwa sababu upande wa pili kulikuwa na wafugaji wengi na sasa hakukuwa na geti la kuwazuia. Uchumi ulikuwa unakua. Ila ulikuwa unapita mlangoni kwake kwa mwendo wa kasi na madirisha yamefungwa.

Malori hayakulala tena. Yaliingia kituoni na kutoka kabla chai haijachemka. Vyumba vikaanza kunuka ukavu. Mdogo wake alipika sufuria nzima ya maharage asubuhi, na jioni wakala wao wenyewe, wawili, wakitazamana.

"Dada," mdogo mtu alisema siku moja, "nikila maharage haya wiki nyingine nitaota mizizi."

Halafu ikatokea siku mtandao wa kituo ukaanguka kweli. Kompyuta zikazima, malori yakakwama barabarani kabla ya kuingia, na kwa kuwa uwanja wa kituo haukuwa na kivuli wala choo cha madereva, na ukishaingia huwezi kutoka mpaka ugongewe muhuri, wote wakaja kusubiri kwa Mama Foleni. Nyumba ikajaa. Kukawa na vicheko, mashati kambani, watu wanaitana kutoka bafuni. Mama Foleni alizunguka na sinia, uso unang'aa, akaona aibu kidogo kwamba anafurahi. Aibu ile haikudumu.

Wiki iliyofuata dereva mmoja alimuuliza, kama walivyozoea, "Mbele kuko vipi, mama?" Naye akajisikia akijibu, "Nasikia mtandao unasumbua."

Hakusema unasumbua. Alisema anasikia. Alijipa moyo kwa neno hilo. Dereva akaketi, akala, akaoga, akaondoka baadaye, akavuka bila tatizo na kushukuru kwamba mtandao ulirudi mapema. Hakuna aliyeumia. Basi ikawa hivyo, si kila siku, ila siku ambazo uwanja ulikuwa mtupu mno.

Mdogo wake alijua. "Mtandao wako huu, dada, unalala kuliko mtoto mchanga."

"Koroga sufuria yako."

Siku ya mambo yenyewe, jua lilikuwa limepanda vizuri lilipoingia lori dogo lenye turubai la kijani. Dereva wake walimwita Sindano, kwa wembamba wake. Alikuwa utingo kwa miaka mingi kabla ya kupata usukani, na usukani huo ulikuwa bado mpya mikononi mwake. Mkewe alikuwa amejifungua juzijuzi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Hujanenepa tu? Huyo mwanamke anakulisha kweli?"

"Nikinenepa watanibadilisha jina, mama, na hili nimeshalizoea." Hakuzima injini. Alikuwa ameinama dirishani, macho mekundu kwa safari ya alfajiri. "Mbele kuko vipi?"

Mama Foleni alikuwa anakamua tambara la kupigia deki. Nyuma yake uwanja ulikuwa mtupu tangu kucha, na sufuria ilikuwa imejaa hadi ukingoni.

"Nasikia mtandao umelala."

Sindano akatazama kule kituoni, ule uwanja wa zege unaong'aa kwa jua. "Tangu saa ngapi?"

"Asubuhi asubuhi."

Akafikiri. Ilionekana anapima jambo. "Basi heri nisimame hapa kivulini. Kule nikiingia sitoki, na jua lile litaniulia mzigo."

"Ingia, baba. Ujimwagie maji."

Sindano akaliingiza lori chini ya mabati na kuzima injini. Akampa mdogo mtu simu yake iliyokuwa imezima aichaji jikoni, akachukua taulo. Injini iliponyamaza, Mama Foleni akasikia kitu. Kwanza alidhani ni mkanda wa injini unapoa. Kisha akasikia vizuri: sauti nyembamba, nyingi, zisizohesabika, zinatoka chini ya turubai kama mvua ya punje juu ya bati.

Mdogo wake alitoka na mwiko mkononi. "Dada, hao si vifaranga?"

"Nasikia."

"Basi mwambie aende."

"Nimwambieje? Mtandao uliolala tangu asubuhi uamke mtu hata hajamaliza kuoga?"

"Mwambie umekosea."

"Mimi?"

Mdogo mtu akamtazama, akarudi jikoni.

Sindano alipotoka bafuni alifungua turubai pembeni, akawapepea vifaranga kwa kipande cha boksi, akanyunyiza maji chini ya magurudumu. Akala haraka, amesimama. Mama Foleni alipanga kumwambia akimaliza kula. Alipomaliza aliona bado ni mapema, itaonekana. Hakutaka zaidi ya muda kidogo, muda wa heshima, ule ambao mtandao wa kweli ungeuchukua.

"Mama, jicho limenishinda," Sindano alisema. "Naomba nilaze ubavu kidogo. Ukisikia tu umerudi, niamshe. Hawa wanataka upepo wa gari likitembea. Kivulini wanavumilia, lakini si sana."

"Nitakuamsha."

"Nakuamini, mama."

Akaingia chumba cha mwanzo, kile cha dirisha la barabarani, akalala hata kabla ya kuvua viatu.

Mama Foleni aliketi kibarazani. Lori kubwa la saruji likapita, likaingia kituoni, na muda si mrefu akaliona likipanda kilima cha upande wa pili. Likafuata la mbao. Nalo likapita. Akainuka, akaenda taratibu hadi dirisha la chumba cha mwanzo, akavuta pazia ili aliyelala asije akafumbua macho akaona malori yanavyovuka. Mkono wake ulipokuwa bado kwenye pazia, akajiona. Akajiona kama vile mtu mwingine amesimama barabarani anamtazama. Joto likampanda kutoka shingoni hadi masikioni.

Lakini alirudi akaketi. Kidogo tu, alijiambia. Sasa hivi.

Sauti ya vifaranga ilikuwa inapungua, kama sufuria inayochemka ikiepuliwa. Wamelala, akajiambia. Watoto hulala. Akasogeza kiti mbali kidogo na lori.

Kilichomwinua mwishowe ni ukimya. Aliingia chumbani akamshika Sindano bega. "Baba. Umerudi."

Sindano akaruka kitandani huku anacheka. "Mungu akubariki, mama. Nisingekuwa na wewe mpaka huu ungenila." Akakimbia nje akifunga mkanda, akavuta turubai lote ili likazwe vizuri. Akasimama. Akafungua boksi la juu, ndani wakasogea wachache, midomo wazi. Akafungua la chini yake. Akafungua la katikati, na hilo hakulifunga tena, alibaki amelishika mfuniko kama mtu aliyeshika kofia msibani.

Yeye na Mama Foleni hawakuwa wamekaa hivyo kitambo kirefu. Mwenye vifaranga, mwanamke wa makamo aliyevaa raba za kutembelea, alikuwa amevuka mapema kuwasubiri wateja wake upande wa pili. Alipoona mzigo hauji na simu ya dereva haipatikani, alirudi kwa miguu kuutafuta, akifuatana na afisa wa kituo, dada mmoja mwenye sare iliyopigwa pasi mpaka ikawa na makali. Walimkuta Sindano akitenganisha walio hai na waliokufa. Waliokufa walikuwa wengi zaidi.

Mwenye mzigo hakupiga kelele. "Umepatwa na nini?"

"Mtandao, bosi. Niliambiwa umelala."

"Leo?" afisa akasema. "Leo mtandao haujafumba hata kope."

"Nani alikuambia?" mwenye mzigo akauliza.

Mama Foleni alikuwa mlangoni na kikombe cha Sindano mkononi. Aliona jambo linavyoingia kichwani mwa yule kijana, hatua kwa hatua, wazi kama mtu anayepanda ngazi. Sindano aliinua macho akamtazama mara moja tu. Halafu akayashusha.

"Hakuna mtu, bosi. Nilichoka, nikasinzia. Hayo ya mtandao nimetunga tu."

"Wateja wamesimama kule tangu asubuhi. Wametoka mbali, wengine na baiskeli. Tumehangaika mpaka wakatuamini, maana mwanzo walikuwa wanasema vifaranga wa huku hufika wamekufa." Akanyoosha kiganja. "Funguo. Walio hai nitatafuta wa kuwavusha. Wewe subiri kituoni tuandikiane, halafu urudi nyumbani."

Sindano akatoa funguo. Hakubisha. Wakaondoka wote watatu kuvuka barabara, yeye nyuma.

Mama Foleni aliingia chumba cha mwanzo akaketi kitandani. Shuka lilikuwa bado na alama ya mgongo. Akajiambia kijana yule ni mdogo, ana nguvu, hatakosa kazi. Akajiambia kwamba hata hivyo alikuwa amechoka, labda angesinzia njiani. Maneno yalikuja mengi, yote mazuri, na hakuna hata moja lililokaa. Alichokuwa anakiona ni macho yale yakishuka. Angemtukana ingekuwa nafuu. Angemnyooshea kidole angeweza kukasirika, akatafuta la kujibu. Lakini kijana alimfichia kama mtu anavyomfichia mama yake mzazi, na yeye hakuwa mama wa mtu pale. Alikuwa mwenye sufuria iliyojaa.

Mdogo wake alisimama mlangoni, akifuta mikono kwenye khanga. Mara hii hakuwa na mzaha wowote. "Amemwaga unga yule," alisema. "Na mtoto mchanga nyumbani."

"Nimesikia."

"Najua umesikia. Nasema tu."

Tangu kituo kifunguliwe Mama Foleni hakuwahi kukanyaga ndani. Alikuwa amekisusia, kama mtu anavyomsusia jirani. Siku hiyo alivuka barabara na ndala zake, mlango wa kioo ukajifungua wenyewe, na ubaridi ukampiga usoni. Sakafu iling'aa. Kulikuwa na viti vimepangwa mistari, vipya, na hakuna aliyekaa. Wachache waliokuwemo walikuwa wamesimama dirishani, karatasi mkononi, tayari kuondoka. Akavitazama vile viti vitupu na akaona soni zaidi ya alivyotarajia, kana kwamba ameingia chumbani kwa watu.

Sindano, mwenye mzigo na yule afisa walikuwa mwisho wa kaunta.

"Mimi ndiye niliyemwambia," Mama Foleni alisema. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi arudie. "Mtandao. Ni mimi niliyesema umelala."

Madereva wawili dirishani wakageuka. Aliwafahamu wote wawili.

"Uliambiwa na nani?" afisa akauliza.

"Sikuambiwa."

"Sasa kwa nini?" Mwenye mzigo aliuliza bila hasira, kama asiyeelewa kabisa.

Mama Foleni alitafuta neno lenye heshima, hakulipata. "Nilitaka ale," alisema.

"Hukujua amebeba vifaranga."

Huo ulikuwa mlango. Mwenye mzigo alimfungulia mwenyewe, na Mama Foleni alijua hakuna mtu mwingine zaidi ya mdogo wake ambaye angeweza kumuumbua. Kwake mzigo hauulizwi, kila dereva analijua hilo.

"Mwanzo sikujua," akasema. "Baadaye niliwasikia. Nikaona nikimwamsha mapema atajua nimemdanganya. Nikakaa."

Mmoja wa madereva wale alicheka puani, si kwa furaha. Mwingine akasema polepole, "Kumbe wiki ile..." akaacha hapo. Mama Foleni hakugeuka. Alihisi uso wake unashuka, unashuka, kama hauna mwisho wa kushukia.

Mwenye mzigo akamrudishia Sindano funguo. "Vusha waliobaki. Waambie wateja tutawaletea wengine. Tutaongea tukirudi." Hakusema amemsamehe, wala hakusema hajamsamehe. Kisha akamgeukia Mama Foleni. "Na wewe, mama, usimwambie tena dereva wangu chochote. Hata akikuuliza saa."

"Haya."

Sindano alipita karibu naye akielekea mlangoni. Mama Foleni alidhani atamwambia neno, lolote. Sindano akasimama nusu hatua, akasema, "Simu yangu iko jikoni kwako," akatangulia.

Afisa alisema mizoga haiwezi kupitishwa kituoni, ni mambo ya afya. Mama Foleni akasema iachwe kwake. Walimshushia maboksi uwanjani, chini ya mabati, na lori la turubai la kijani likavuka na hao wachache, likapotea nyuma ya kilima.

Mdogo wake alileta jembe akaelekeza kwa kidevu nyuma ya nyumba, kwenye migomba ya jirani, ambako hakuna anayepita. Mama Foleni akaenda mbele, kwenye udongo ulio kati ya uwanja na barabara.

"Hapo kila mtu atakuona, dada."

"Najua."

Ardhi ilikuwa ngumu, imekanyagwa na matairi ya miaka mingi. Alichimba, akapumzika, akachimba. Mdogo wake alisimama pembeni akitaka kumpokea jembe, hakumpa. Malori yalipita kuelekea kituoni, moja baada ya jingine, hakuna lililopunguza mwendo. Kisha likaja moja kubwa, la dereva mtu mzima ambaye alikuwa akinywa chai yake tangu enzi za birika. Alikuwa hajasikia lolote. Alimwona, akatoa mkono mzima dirishani, akapiga honi ndefu ya furaha ya kumwamkia.

Mama Foleni alikuwa ameshika boksi kifuani. Hakuweza kuinua mkono. Aliinama juu ya shimo, akasubiri apite.